Ule wa Pasua umeuacha?

Mama alishuka kutoka Uru, kwetu mlimani Kilimanjaro, mpaka kwangu Moshi mjini Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, masika ikiwa bado inatishia tu, akanikuta getini nikimhesabia pesa kijana wa toroli. Viroba vinne vya udongo vilikuwa chini, vimefungwa midomo kwa kamba ya mgomba.

Kijana akamwamkia, mama akaitikia, akasubiri mpaka toroli likakata kona. Ndipo akainama, akafungua kiroba kimoja, akachota kidogo, akanusa.

“Hii umenunua?”

“Ndiyo, mama. Elfu tano kiroba.”

“Na ule wa Pasua?”

“Niliumwaga wakati nahama.”

Akafunga kiroba vilevile kilivyokuwa, akajipangusa mkono. “Umehama na kabati, umehama na ndoo tupu, umehama mpaka na ufagio wa chooni. Udongo umeuacha?”

Nilicheka, nikamkaribisha ndani, tukanywa chai. Yeye hakucheka.

Ndoo kumi na moja

Naomba nijitetee kidogo.

Nilihama kutoka Pasua, mtaa wa hapahapa Moshi, Desemba. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikuja na masharti: safari moja, bei moja, na hakuna mizigo ya ajabu. Nilikuwa na ndoo kumi na moja za rangi, zile za lita 20, nilizootesha mboga kwa miaka miwili. Ndoo ya udongo wenye unyevu inapita kilo 20 kirahisi. Kirikuu nzima ingeenda na ndoo na kitanda kingebaki.

Basi jioni ya kuamkia safari nilizibeba moja moja mpaka nyuma ya ukuta, nikazimwaga mtaroni. Zikiwa tupu ziliingiana vizuri, mnara mmoja tu. Nilijisikia nina akili.

Isitoshe, nilijiambia, udongo wenyewe ulikuwa umechoka. Majani ya sukuma wiki ya mwisho yalikuwa madogo mpaka aibu kumpa jirani. Nikimwagilia, maji yalipita pembeni yakatokea chini sekunde hiyohiyo.

Kijana wa toroli, kwa taarifa yenu, nilimuuliza anachimba wapi. Alionyesha mlimani kwa kidevu. “Juu huko, dada. Watu wanajenga.”

Maana yake msingi wa nyumba ya mtu, kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba letu Wachaga la kuzunguka nyumba. Udongo wa juu unakwanguliwa, unapakiwa kwenye viroba, unashuka mjini kwa elfu tano. Inawezekana kabisa nilinunua udongo wa Uru.

Kuchoka ni nini hasa

Swali la mama lililala miezi kadhaa, likaamka mwezi wa nane. Nilikuwa nimeng'oa sukuma ya mwisho, nikatazama ndoo zangu tisa za udongo wa kununua, nikaona ni Pasua tupu. Ndoo niliyoijaza mpaka ukingoni mwezi wa nne ilikuwa imeshuka vidole vinne, na hakuna mtu aliyechota hata kijiko.

Umekwenda wapi?

Hili lilinisumbua wiki nzima, mpaka jikoni. Nikageuka msomaji wa usiku. Jibu ni kwamba kwenye ndoo kuna walaji wengi kuliko mchicha wangu. Bakteria na kuvu wanaila mboji polepole, na sehemu kubwa yake inaondoka kama hewa, kabonidayoksaidi ileile tunayoitoa puani. Kinachobaki ni chembe za mwamba, ambazo bila mboji ya kuzitenganisha zinalaliana, zinabanana, na mizizi inakosa pa kupumulia. Naitrojeni na potasiamu zinatoroka kwa yale matundu ya chini, kwenye maji ya rangi ya chai tunayoyafagia bila kufikiri. Nyingine tumeshaila na ugali.

Shambani mzizi ukikosa, unateremka. Kwenye ndoo unateremka ukakutana na plastiki.

Lakini zile chembe za mwamba hazijaenda popote. Ni mlima ule wa volkano uliosagika, bado upo ndoo nzima. Kilichopungua ni kile kilicholiwa. Nilipopiga hesabu ya Pasua kwa macho haya nilijionea aibu: nilimwaga ndoo kumi na moja kwa sababu ya upungufu wa kama ndoo tatu.

Kuku wa jirani

Kwenye intaneti kuna Wamarekani wanaotumia udongo uleule wa makopo miaka nenda rudi, na wana jina lake: udongo hai. Mapishi yao yanataka mwani wa baharini, unga wa magamba ya kaa, na mboji ya mabwawa ya nchi za baridi. Niliandika orodha, nikaangalia bei ya kusafirisha, nikafunga daftari. Kitu pekee nilichokuwa nacho hapa uani ni mwarobaini.

Na kuku wa jirani.

Jirani yangu anafuga kuku wa nyama, na kila akifagia banda anabaki na lundo la kinyesi kilichochanganyika na maranda ya mbao. Anatafuta wa kumpa. Nilichukua, nikachanganya kwenye ndoo moja, sehemu moja kwa mbili, nikapanda miche ya mchicha jioni hiyohiyo. Harufu ilikuwa inachoma macho. Nilidhani ukali huo ndio nguvu.

Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama zimepitishwa pasi. Siku ya sita hakukuwa na mchicha.

Sawa, moto. Nikamwagilia, nikasubiri wiki tatu mpaka harufu ikaisha, nikapanda tena. Safari hii ikaishi, ila ikawa ya manjano, ikianzia majani ya chini kwenda juu. Hiyo ni njaa ya naitrojeni: mmea unanyang'anya majani yake mazee ili ulishe machanga. Njaa, ndani ya ndoo iliyojaa kinyesi cha kuku!

Mkosaji alikuwa maranda. Wadudu wadogo wanaoozesha vitu wanakwenda vizuri wakipata kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Mbao ina kaboni mamia kwa moja. Kwa hiyo wakishaanza kula mbao, wanaichota naitrojeni yote iliyo karibu, na mchicha unabaki mtazamaji. Wakifa wataiachia, lakini hiyo ni habari ya miezi. Ndoo ile niliisogeza pembeni ya tanki, nikaiacha na mambo yake.

Shingo

Katikati ya mwezi wa tisa nilipanda Uru na mawazo yangu ya manjano. Tulikaa nje ya jiko, mama anamenya ndizi mshare za mtori, mimi nahutubia. Kihamba chetu hakijawahi kununua udongo, nikasema. Babu alikula hapa, baba alikula hapa, na migomba bado imesimama. Hata dunia inajua: mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, hapo juu yetu tu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya vihamba hivihivi. Mringaringa juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, magimbi chini kabisa.

“Kinajilisha chenyewe, mama. Nataka ndoo zangu ziwe hivyo.”

Mama akaweka kisu kwenye beseni.

“Kinajilisha?”

Akashika nyuma ya shingo yake, pale juu ya mfupa. “Na hii shingo unadhani ilikuwa inafanya nini?”

Akaniambia mambo niliyoyaona nikiwa mdogo bila kuyaona. Kiangazi kikikaza, wanawake walishuka tambarare, kule chini ya mji, kabla hakujapambazuka. Walikata majani, wakafunga mzigo, wakapanda nao mlima kichwani. Mahindi ya chini yakivunwa, mabua nayo yalipanda vivyo hivyo. Ng'ombe wa kihambani hatoki bandani. Analetewa. Anakula, samadi inatolewa bandani inakwenda kwenye mashina ya migomba, na watu wanasema kihamba kina rutuba.

“Unadhani majani yalipanda yenyewe?” Akaokota kisu. “Siku hizi yanapanda na bodaboda, muulize mdogo wako kila mzigo anatoa shilingi ngapi.”

Nilikosa la kusema. Kila nilichowahi kusoma kuhusu vihamba kina kivuli, kina kahawa, kina maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani. Shingo sijaikuta.

Na kihamba chenyewe hakikuwa chake. Aliolewa akakikuta, akakilisha miaka arobaini, na sasa ni cha mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nina ndoo. Silalamiki.

Au nalalamika kidogo.

Lakini niliporudi mjini kitu kimoja kilikuwa kimenitoka kichwani: yale matumaini ya kupata mchanganyo fulani ambao ukiuweka mara moja udongo unajiendesha, na wewe kazi yako kuchuma. Mlima wenyewe ulikuwa unalishwa kutoka tambarare. Ndoo yangu ni nani?

Tambarare yangu

Nikaanza kutafuta tambarare yangu ni wapi. Haikuwa mbali.

Kuna mama ntilie karibu na ofisini anapika mtori kila asubuhi. Maganda ya ndizi yanajaa ndoo kabla ya saa nne, na ganda la ndizi lina potasiamu nyingi. Kuna mgahawa wa wageni wa mlimani ambao kila jioni unatupa machicha ya kahawa. (Hapo nilicheka peke yangu. Sisi tunailima, wao wanakuja kuinywa, machicha yanakwenda jaani, na nyumbani kwetu tunakunywa chai.) Muuza mkaa ananipa chenga za chini ya gunia bure, anafurahi kusafishiwa. Kwenye ua wa barabara ya mtaani kwetu kuna alizeti pori mpaka inaingia njiani. Majani yake ni laini, yanaoza upesi, na yana naitrojeni ya kutosha kulipia deni la maranda.

Samadi ilitoka Uru. Iliyokaa, nyeusi, isiyonuka. Mama aliileta kwa hiace kwenye kiroba, na konda alipouliza ni nini akajibu, “Mbolea ya mwanangu, amesahau kwao.” Nauli ya kiroba akagoma kulipa.

Chenga za mkaa nilizilowesha wiki mbili kwenye maji ya samadi. Hili lina sababu. Mkaa una vitundu vingi mno. Ukiuweka mkavu, unafyonza chakula kutoka kwenye udongo kabla haujaanza kukitunza. Inabidi uingie ukiwa umeshiba.

Kisha Jumapili moja nikatandaza turubai, nikapindua ndoo nane.

Ilinichukua asubuhi nzima. Donge la udongo linatoka na umbo la ndoo, limefungwa na mizizi kama kikapu. Mizizi minene nilitoa, ile nyembamba kama uzi niliiacha iozee humohumo, kwa sababu njia zake ndizo hewa itakazopita. Katikati ya madonge nilikuta udongo mkavu kabisa, vumbi, kwenye ndoo niliyokuwa namwagilia kila siku. Nyungunyungu hata mmoja hapakuwa. Ndoo nane zilizoshuka zilitoa ndoo sita, nikaongeza mbili za samadi, majani yaliyokatwakatwa, maganda, machicha na mkaa. Jivu nilitia konzi moja tu kwa kila ndoo. Jivu likizidi linauondolea udongo tindikali kupita kiasi, na mimea inashindwa kula hata kilichopo.

Maji nilipima kwa ngumi. Ukikamua, donge lishikane bila kuchuruzika, na ukilidokoa kwa kidole lipasuke.

Nikafunika kwa majani makavu ya mgomba, kivulini, nikaondoka.

Siku ya tano niliingiza mkono mpaka kiwiko. Kulikuwa na joto. Si la kuunguza, joto la chini ya kwapa la mtoto. Nilibaki nimeuacha mkono humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mpangaji mwenzangu akapita akaniuliza kama nimepoteza pete.

Wiki ya tatu kulikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu zikishika majani ya alizeti pori, au kile kilichobaki cha majani hayo. Na nyungunyungu wekundu, waliosafiri kwa hiace bila nauli. Wiki ya nne joto likaisha, na harufu ikawa ile ya chini ya migomba baada ya mvua. Nikaweka konzi moja ya udongo huo kwenye kikombe, nikapanda maharage matatu, waonjaji wangu. Yalipochomoza wima na majani safi, ndipo nikajaza ndoo.

Ndoo nane. Zilezile.

Glasi ya maji

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Wiki iliyopita mche wa nyanya kwenye ndoo ya nne ulilala saa saba mchana, kijani kibichi, bila doa. Jioni ukaamka. Kesho yake ukalala tena, ukaamka nusu. Siku ya tatu haukuamka, na udongo ulikuwa na maji ya kutosha.

Nilikata shina, nikachovya kipande kwenye glasi ya maji safi, nikasimama nacho dirishani. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba, kama maziwa yanayodondokea ndani ya maji polepole.

Huo ni mnyauko bakteria. Bakteria wake kitabuni anaitwa Ralstonia solanacearum, na akishaingia kwenye udongo anaweza kukaa miaka.

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa ajili ya nyanya. Nilikuwa nimepindua ndoo nane kwenye turubai moja na kuzichanganya kwa mikono yangu. Kama ugonjwa ulikuwa kwenye moja, nimeugawa kwa zote. Yule mimi wa Pasua, aliyemwaga kila kitu na kuanza upya, ghafla alionekana mwenye busara.

Nilikuwa nimelipenda sana lile jina, udongo hai. Nililisikia kama sifa. Kumbe bakteria yule naye ni hai, anakula, anazaa, na hana habari na mtori wangu. Lundo langu halikupata moto wa kumuua. Lundo dogo namna ile halifiki joto hilo. Kuuanika udongo chini ya nailoni angavu wiki nne hadi sita kunasaidia kwa magonjwa mengi, lakini kunataka jua la mfululizo, na huyu ni sugu kuliko wengi.

Nyanya nyingine mbili, ndoo ya tano na ya sita, zimesimama mpaka leo. Mche mgonjwa ulitoka kwa muuza miche tofauti. Huenda bakteria aliingia nao. Nimeshika hilo.

Nimebadilisha vitu viwili. Sichanganyi tena ndoo zote pamoja. Kila ndoo inafanyiwa marekebisho yake peke yake, na kijiko kinaoshwa katikati. Na nyanya, pilipili, bilinganya na mnafu, ambazo ni ukoo mmoja na bakteria yule anazipenda zote, hazirithiani ndoo. Ndoo ya nne nimeipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha. Ina vitunguu vya majani sasa, ambavyo yeye havimpi riziki, na vimekubali.

Nilimpigia mama nikamweleza habari ya glasi. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na hiyo utahama nayo?”

Kirikuu

Maana ninahama tena. Mkataba unaisha mwishoni mwa Desemba, na mwenye nyumba anataka vyumba vyake.

Nilifikiria kuimwaga ile ya alama nyekundu na kubeba zilizobaki. Mtaro uko palepale nyuma ya ukuta, kila nyumba ya Moshi ina mtaro nyuma ya ukuta. Nikaufuata kwa macho mpaka unapopinda. Maji ya mtaro yanashuka. Chini huko kuna Mabogini, kuna watu wana nyanya, na bakteria yule husafiri vizuri sana na maji. Tambarare imetupandishia majani miaka yote hiyo. Siwezi kuiteremshia hili.

Zile kumi na moja za Pasua sijui zilikuwa na nini.

Jana nimempigia mwenye kirikuu, yuleyule. Nikamwambia nina kitanda, kabati, jiko, na ndoo tisa, pamoja na ile ya kuku, ambayo siku hizi ina mchicha wa kijani kibichi kabisa.

“Ndoo tupu, dada?”

“Zimejaa.”

“Zimejaa nini?”

Nikamwambia. Kimya kidogo, kisha nikasikia anamweleza mtu pembeni, wote wawili wakacheka. Aliporudi alitaja bei ya safari mbili. Tukavutana, akashuka kwa elfu tano, bei ya kiroba kimoja. Nimeiandika kwenye daftari, na chini yake nimeandika kwamba ndoo nyekundu ipakiwe mwisho, karibu na mlango, isiguse nyingine.